Kabla ya Kufungua Injini

Leo tutazungumza juu ya gari bovu.

Labda mwenzetu mmoja atauliza, gari bovu lina nini na ibada? Sisi tunaoishi mbali na lami twajua jibu. Gari la parishi huchukua mahindi siku ya mavuno, huchukua mbao za kujengea kanisa, humpeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane, na mara nyingine hurudi na jeneza. Likilala, watu wengi hulala nalo.

Kwetu gari hilo ni Land Rover ya Series III, pikapu ndefu ya injini ya petroli, inayovuta kwa magurudumu yote manne njia inapoharibika. Aina hiyo ilitengenezwa kati ya mwaka wa 1971 na 1985. Kwa hiyo hata ile iliyo changa kabisa imekwisha kuwa mtu wa makamo, na mtu wa makamo hakosi maumivu.

Basi gari letu lilianza ugonjwa wa ajabu. Asubuhi liliwaka vizuri, likaenda kama kilomita 15, na penye mlima likaanza kukohoa. Nguvu zilipungua kidogo kidogo mpaka likazimika. Tukikaa kando ya njia karibu nusu saa, lilikubali kuwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Siku moja lilizimika likiwa na mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Alifika salama, Mungu asifiwe, lakini nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe.

Lilipelekwa gereji. Huko liliunguruma vizuri mchana kutwa. Koili ikabadilishwa, plagi zikabadilishwa, na juma lililofuata likazimika mlima uleule. Ndipo shauri likatolewa: injini ifunguliwe, pistoni na valvu zibadilishwe. Gharama yake ilikaribia fedha zote ambazo akina mama walikuwa wamechanga kwa ajili ya mabati ya kanisa. Katika baraza, wengine walisema tulipe. Wengine walisema gari liuzwe kama chuma chakavu.

Mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kustaafu, akaomba nafasi. Hakutoa shauri, bali aliuliza maswali. Je, linazimika baada ya umbali gani? Linazimika ghafla, kama taa iliyozimwa, au linafifia likikohoa? Likisimama, hukaa muda gani kabla ya kuwaka? Hakuna aliyekuwa amemwuliza dereva wetu mambo hayo. Baraza likaamua kwamba hakuna hata senti itakayotoka kabla ya majibu kupatikana.

Sikilizeni alivyotueleza. Injini ya petroli huhitaji mambo matatu. Kwanza, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo. Pili, moto wa plagi kwa wakati wake. Tatu, mgandamizo, yaani pistoni iubane mchanganyiko huo kwa nguvu ndani ya silinda. Injini yetu ina silinda nne, na huwaka kwa zamu: ya 1, ya 3, ya 4, kisha ya 2. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi hutoa cheche 100 kila sekunde. Moja ya mambo hayo matatu likikosekana, mengine mawili hayafai kitu.

Mgandamizo ukiwa umekwisha kwa uchakavu, hauponi kwa kupumzika nusu saa kando ya njia. Kwa hiyo kufungua injini kulikuwa jambo la mwisho la kufikiriwa. Tena moto ukikatika, mara nyingi gari huzimika ghafla. Likififia huku likikohoa, yafaa kuifuata petroli. Lakini, akasema mzee, dalili si ushahidi. Twende tukapime.

Tulikwenda naye mpaka mlima ule. Gari likazimika kama desturi yake. Mzee akakataza mtu yeyote kufungua kitu ovyo, maana ugonjwa unaojificha ni lazima ukamatwe ungali pale. Alitoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, akaomba stata ipigwe. Cheche ikaruka, ya buluu na yenye nguvu. Moto ulikuwapo.

Akairudisha plagi mahali pake, akachomoa waya wa koili ili cheche isiruke tena, maana petroli na cheche havikai nyumba moja. Akalegeza mrija unaoingia kwenye kabureta, akaukinga kwa chupa mbali na chuma cha moto, stata ikapigwa. Yalitoka matone machache tu. Na tangi lilikuwa zaidi ya nusu!

Ndipo akaenda kwenye tangi, akafungua kifuniko polepole. Sote tulisikia: fyuuu! Hewa iliingia kwa pupa kama mtu aliyezibwa pua. Stata ikapigwa tena, na petroli ikaja kwa wingi ndani ya chupa.

Kifuniko cha kwanza kilikuwa kimepotea safarini, na mahali pake kikawekwa cha gari jingine, kisicho na tundu la kupumulia. Pampu ilipovuta petroli, hewa haikuweza kuingia kujaza nafasi yake. Kadiri gari lilivyokwenda, tangi lilizidi kuivuta petroli kurudi nyuma, mpaka pampu ikashindwa. Katika ile nusu saa hewa ilipenya kidogo kidogo, gari likapona kwa muda. Tulinunua kifuniko chenye tundu. Mabati ya kanisa yakabaki mabati.

Wapendwa, ni mara ngapi tunawafungua watu injini kabla ya kutazama kifuniko? Kijana ameanza kushindwa shuleni, nasi twasema ni mvivu, atolewe. Hatujauliza analala saa ngapi, wala kama amekula. Mke amekuwa mkimya, nasi twasema moyo wake umebadilika. Mfanyakazi amepungukiwa na nguvu kila mwisho wa mwezi, nasi twatafuta wa kumrithi. Huenda ndani ya mtu huyo bado mna akiba nzuri, zaidi ya nusu tangi, ila hakuna mahali pa kupumulia. Hakuna mtu wa kumsikiliza. Anavuta na kuvuta mpaka anazimika, na akipata pumziko dogo anaamka tena, nasi twasema alikuwa anajifanya.

Mkumbukeni Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakukimbilia kuwaita wajenzi. Alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazizunguka kuta zilizobomoka na kuzitazama. Baada ya kuona kwa macho yake ndipo aliposema na wakuu juu ya kujenga. Kazi yake kubwa ilianza kwa kukagua.

Basi juma hili, ikiwa kuna kitu au mtu aliyezimika nyumbani mwenu, tufanye kama mzee yule. Tuulize kabla ya kuhukumu: ni lini, ni wapi, na baada ya nini? Tuanze na lililo dogo na rahisi, tupande polepole kuelekea lililo gumu. Tupime jambo moja moja, maana anayebadilisha matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya. Tena tumpime mgonjwa wakati wa ugonjwa wake, tuwe naye mlimani pale anaposhindwa, si gerejini tu anapoonekana mzima.

Liko gari ambalo kweli injini yake imekwisha, na hilo litafunguliwa. Lakini lisifunguliwe kwa sababu tulikuwa na haraka.

Mungu atupe masikio ya kusikiliza na subira ya kupima. Kwaherini, mpaka juma lijalo.