Gari la Kifahari Kugeuzwa Pikapu



Nchini Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945), magari kadha wa kadha ya kifahari, Rolls-Royce zikiwamo, yalivuliwa bodi yakafanywa magari ya wagonjwa na ya mizigo. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa magari hayo yalijengwa juu ya chasisi, yaani fremu ya chuma iliyobeba injini na magurudumu. Bodi ilikaa juu yake kama tandiko juu ya punda. Hata ikiondolewa, nguvu ya gari ilibaki palepale.

Mwaka 1965 ilitoka Silver Shadow, isiyo na chasisi ya peke yake. Humo sakafu, nguzo na paa hushikana kulibeba gari. Paa likikatwa pasipo kuimarisha sakafu, gari hulegea kiunoni na milango haifungi tena sawasawa. Springi nazo zilikusudiwa abiria, wala si magunia ya pamba.

Basi chama kinachoshawishiwa kununua gari kuukuu la anasa ili likatwe, kimtake kwanza fundi alale chini yake, atazame kama chasisi ipo, kabla mweka hazina hajafungua sanduku.