Kwa Nini Mgonjwa wa Sukari Harudi Kliniki



Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 ulibaini kwamba kati ya watu wazima 100 nchini Kenya, karibu 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu. Hali hiyo imeanza kubadilika. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walianza kupewa mikoba yenye mashine za kupima sukari na presha, na leo mama wa Kiminini au mzee wa Kimilili anaweza kupimwa akiwa kwenye kiti chake nyumbani.

Hilo ni jambo jema, ila utafiti uliofanywa Webuye na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha mahali mambo yanapokwama. Watu walipimwa sukari na presha, wengine nyumbani kwao, wengine walipokusanyika kijijini. Waliopatikana na kiwango cha juu walielekezwa kliniki. Wengi wao hawakufika.

Mgonjwa wa namna hiyo huitwa mzembe, na hapo huwa anaonewa. Sukari katika miaka ya mwanzo haiumi. Mtu ana kiu, anakojoa mara kwa mara, anachoka, naye anasema ni jua la kupalilia. Kufika kliniki ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi, na dawa ambayo huenda ikabidi inunuliwe dukani. Msimu wa kupanda mahindi ukifika, kati ya mbolea na dawa ya mwezi, mbolea hushinda.

Watafiti wa AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret na vyuo vikuu vya nje, waliamua kuangalia ugonjwa na mfuko kwa pamoja. Walisajili watu 2,890 wa magharibi mwa Kenya wenye sukari au presha. Saba kati ya kila kumi walikuwa wanawake. Wakawekwa katika mafungu manne. Fungu la kwanza liliendelea na matibabu ya kawaida. La pili liliingizwa katika vyama vya kuweka akiba na kukopeshana. La tatu lilitibiwa kwa kikundi: wagonjwa wanakutana pamoja na mhudumu, wanapimwa, wanafundishwa na kuulizana hali. La nne lilipata vyote viwili, chama na matibabu ya kikundi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kipimo kikuu kilikuwa presha, ile namba ya juu, ambayo mwanzoni ilikuwa wastani wa karibu 157. Baada ya mwaka mmoja na zaidi, fungu la matibabu ya kawaida lilishuka kwa pointi 11.4, la chama 14.8, la kikundi 14.7, na lile lililopata vyote 16.4. Si muujiza. Watafiti wenyewe walieleza kwamba kihesabu tofauti hizo hazikutosha kuondoa shaka yote. Hata hivyo, dalili zilionyesha kwamba matibabu ya kikundi yaliwafaa zaidi wanawake, na chama kiliwafaa zaidi walio maskini. Waliohudhuria kwa bidii walipata nafuu kubwa zaidi, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama hatalishangaa.

Mtu atauliza presha inahusu nini na sukari. Inahusu sana. Nchini Uingereza, utafiti mkubwa uliotoa matokeo mwaka 1998 uliwafuatilia wagonjwa wa sukari waliokuwa pia na presha. Kundi moja lilidhibitiwa hadi wastani wa 144 kwa 82, jingine likabaki 154 kwa 87. Kwa tofauti hiyo ya pointi kumi, kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na kuharibika kwa macho kukapungua pia. Kwa hiyo anayemeza dawa za sukari huku akiisahau presha ameacha mlango mmoja wazi.

Kuna pia mguu, na hapa ndipo wengi huchelewa. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huua mishipa ya fahamu ya nyayo. Mkulima anavaa mabuti ya mpira yenye kijiwe ndani, anapalilia hadi jioni, hasikii kitu. Asubuhi ya baridi ya Kitale bibi anaota moto, nyayo zinaungua, naye anaona tu ngozi imebabuka. Kidonda kisichouma hakimpeleki mtu hospitali, na damu isipofika vizuri mguuni kidonda hakiponi. Hata kikipona, takwimu za dunia zinaonyesha kwamba karibu watu 40 kati ya 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Mabuti yakung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nyayo zikaguliwe kila jioni. Asiyeona vizuri aombe mjukuu amwangalizie. Na kliniki, mgonjwa avue viatu hata kama hajaambiwa, aombe kupimwa miguu. Kipimo chenyewe ni uzi mgumu wa nailoni: mhudumu anaugusisha kwenye wayo, mgonjwa akiwa amefumba macho, naye anasema kila anapousikia.