Mtoto Mwenye Ulemavu na Shule ya Chekechea
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Chama, Kihoto, Naivasha)



Katika vyumba vya kupanga vya Kihoto wamo watoto wa miaka 4 na 5 wasiotoka nje. Mama huondoka alfajiri kwenda shamba la maua. Mtoto asiyetembea au asiyesikia huachiwa jirani, na mlango hufungwa. Hatuwalaumu akina mama hao. Kodi ya nyumba haingoji.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenziwe kadiri ya hali yake. Lakini Katiba hiyo hiyo iliikabidhi chekechea kwa Serikali ya Kaunti, na elimu maalum ikabaki kwa Serikali Kuu. Hivyo mwalimu wa chekechea ni wa Kaunti, na vituo vya kupima watoto, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, viko chini ya Wizara ya Elimu. Mzazi hana budi kubisha milango miwili, na wengi huchoka kwenye ule wa kwanza.

Wako wasemao mtoto angoje akue kidogo. Hapo hatukubaliani nao hata kidogo. Mtoto kiziwi hujenga lugha kwa macho na mikono kama mwenzake ajengavyo kwa masikio, na msimu wa kujenga ni miaka ya mwanzo. Asiyepewa Lugha ya Ishara mapema hutaabika kusoma hata ukubwani, si kwa ujinga, bali kwa kuwa aliachwa bila lugha yoyote.

Tena, ziwa lilipofurika mwaka 2020 na maji yakaingia majumbani mwetu, kila mwenye miguu alijiondoa mwenyewe. Mtoto wa kubebwa, asiyeandikwa shule yoyote, nani angejua kwamba yumo chumbani?

Kwa hiyo twaomba wazee wa Nyumba Kumi waandike majina ya watoto hawa, kwa ridhaa ya wazazi, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mjumbe wa Chama amsindikize mama kituoni. Nauli yao, pamoja na ujira wa siku ile atakayokosa kazi, vitoke katika mfuko wetu. Ngazi ya mlango wa darasa kugeuzwa mteremko ni kazi ya mafundi tulio nao humu humu.

Mweka hazina ataleta hesabu yake katika kikao kijacho.