Nauli ya Basi na Kura ya Meya

Katika uchaguzi wa meya wa Jiji la New York mwaka 2025, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliahidi mabasi ya haraka yasiyotoza nauli. Wapiga kura walibishana: fedha zitatoka wapi? Swali zuri, ila lilitakiwa kutanguliwa na lingine: nani mwenye mamlaka? Nauli ya mabasi hayo, iliyokuwa dola 2.90, hupangwa na MTA, chombo cha usafiri cha jimbo la New York ambacho mwenyekiti wake huteuliwa na gavana. Meya hupendekeza wajumbe wachache tu wa bodi. Hata majaribio ya 2023 na 2024, njia tano bila nauli, yalipitia kwa serikali ya jimbo.

Atatokea wa kusema basi ahadi ile ilikuwa maneno matupu. Sikubali. Barabara ni za jiji, na idara yake ya uchukuzi ndiyo huchora njia maalumu za mabasi. Mwaka 2019 magari binafsi yalizuiwa kupita moja kwa moja katika Mtaa wa 14, Manhattan, mchana kutwa, na mabasi yakaenda kasi bila nauli kuguswa. Na asiye na kitu je, kasi itamlipia tiketi? Hoja hiyo ina uzito, tena kuliko wapinzani wa Mamdani walivyokiri. Lakini hata hapo meya hana mikono mitupu: punguzo la nusu nauli kwa wenye kipato kidogo hulipiwa na bajeti ya jiji, na kulipanua ni uamuzi wake pamoja na baraza la jiji.