Je, Mizani Yetu Inasema Kweli?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

 

Leo sitaongea juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuongee juu ya mizani. Siku hizi vikundi vingi vina mizani ya dijitali, ile ya kuweka chini inayoonyesha namba. Tunaiamini kwa sababu namba zake zinang'aa. Lakini kung'aa si kusema kweli.

Ndani yake kuna kipande cha chuma. Ukiweka gunia, chuma hicho hupinda kidogo sana, hata jicho haliwezi kuona. Kompyuta ndogo husoma kule kupinda na kukugeuza kuwa kilo. Lakini ni lazima ifundishwe kwanza kwa mawe ya uzito unaojulikana. Huko ndiko kusawazisha mizani. Hata darubini ya kamera kule maabara haiwezi kupima kijidudu mpaka ionyeshwe kwanza rula ndogo ya kioo, milimita 1 iliyogawanywa mara 100.

Tena mahali pana maneno yake. Dunia huvuta vitu kwa nguvu kidogo zaidi kule kaskazini kuliko hapa kwetu karibu na ikweta. Mizani iliyosawazishwa London, ikiletwa Nairobi bila kurekebishwa, itapunguza gramu 300 hivi katika gunia la kilo 90.

Sasa tutajuaje kama yetu ni mzima? Dukani kuna unga wa pakiti za kilo 2. Beli moja ni pakiti 12, yaani kilo 24. Fanyeni hivi:

1. Wekeni mizani mahali palipo sawa na pagumu. Betri iwe na moto wa kutosha. Iwasheni, mngoje dakika chache, isome 0 ikiwa tupu.

2. Pimeni beli 1, kisha 2, kisha 4. Andikeni kila namba.

3. Ondoeni zote. Je, imerudi 0?

4. Rudieni mara tatu. Ikisema hivi leo na vile kesho kwa mzigo ule ule, mizani hiyo ni mgonjwa. Msiitumie.

Tuseme beli 1 imesoma 23.5, beli 2 zikasoma 47, na beli 4 zikasoma 94. Mnaona? Kosa linakua pamoja na mzigo. Katika gunia la kilo 90 mnapoteza karibu kilo 2. Mkiuza magunia 40, kilo 75 zimekwenda bure! Lakini kama kila mara inapungua nusu kilo tu, iwe beli 1 au 4, basi shida iko kwenye ile sifuri ya mwanzo.

Msitumie mtungi wa maji wa lita 20 kama jiwe la kupimia. Ukijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya lita 20. Na hata unga una uzito wa karatasi yake. Kwa hiyo jaribio hili ni la kugundua kosa kubwa, si la kurekebisha. Msifungue mizani wenyewe wala kuvunja muhuri. Muiteni ofisa wa Mizani na Vipimo. Chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura 513, mizani ya biashara ni lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mnunuzi akija na yake, ombeni kuuona muhuri huo. Hiyo si matusi, ni haki yenu.

Na ikiwa mizani yetu inazidisha, je? Hapo wengine watanyamaza, ati ni baraka. Hapana, wapendwa. Mizani ya uongo ni uongo hata ikitufaidi sisi, na mnunuzi akigundua hatarudi tena.

Basi kila kikundi kichague watu wawili, wasiwe wa nyumba moja. Wapime kila mwezi na kabla ya mauzo, waandike tarehe na namba kitabuni, na kitabu kisomwe mbele ya wote. Vikundi vingi havivunjwi na njaa, huvunjwa na kushukiana. Yule mama aliyeleta debe moja tu na aweze kuona kwamba debe lake limehesabiwa.