Kabila la Baba na Sanduku la Maiti: Nani Aingie Katika Mutualite Zetu za Kolwezi

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa vyama vya kusaidiana, Kolwezi

Niliombwa nianze na maana ya maneno. Mutualite ni watu wanaochanga ili mmoja wao akipatwa na kilio, ugonjwa au kufukuzwa kazi asibaki peke yake. Likelemba ni mchango wa kupokea kwa zamu. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inahusu vyama visivyotafuta faida, na Sheria namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017 imeweka misingi ya mutualite. Haya kila mmoja humu anayajua. Muda niliopewa nitautumia juu ya mstari mmoja wa fomu ya kujiunga: ule unaouliza baba wa mwombaji ni wa kabila gani, kijiji gani, chifu gani. Mstari huo nimeupinga kwa miaka, kwa barua na katika vikao, nao bado umo.

Vyama hivi vilizaliwa kwa haja ya kweli. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa 1906, iliwaleta wafanyakazi kutoka Lomami, Kasai na mbali zaidi, ikawapanga kambini mahali ambapo mtu akifa hapakuwa na mjomba wala shangazi wa kumlilia. Waliosema lugha yake ndio walionunua sanduku. Lakini mlango uleule wa asili ulipitisha na siasa. Baada ya uchaguzi wa 1957 huko Élisabethville (Lubumbashi ya leo), ambapo wengi wa mameya wa komini waliochaguliwa hawakuwa wa asili ya Katanga, vyama vya makabila viliungana 1958 vikawa chama cha siasa cha Conakat. Mwaka uliofuata Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga, ikajitoa, na yaliyokuja baadaye, Katanga ilipojitenga, tunayajua. Mwaka 1992 na 1993 familia za Wakasai zililala na mizigo yao kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapahapa. Sizitwishi mutualite lawama ya kuwafukuza. Ila daftari linalowapanga watu kwa asili ya baba liko tayari kwa kazi nyingine siku siasa inapochafuka.

Tuache siasa, tutazame kipimo chenyewe. Wachokwe na Wabemba huhesabu ukoo kwa mama. Waluba wa Kasai huhesabu kwa baba. Mtoto wa baba Mchokwe na mama Mluba wa Kasai, tukifuata desturi bila kuipinda, hana upande: kwao baba ataambiwa ukoo hutoka kwa mama, kwao mama ataambiwa hutoka kwa baba. Geuza ndoa hiyo, mtoto anakuwa wa pande zote mbili. Watoto hawa wawili waweza kuwa majirani wa ukuta mmoja huko Manika, wenye Kiswahili kimoja na kazi moja, na bado mmoja anangojwa na masanduku mawili, mwenzake hana hata moja. Na mjane wa kabila lingine? Pale masharti yanapomtambua mume peke yake, mama aliyechanga naye miaka yote anatoka chamani siku ileile anayotoka makaburini. Fungueni daftari la mtunza hazina: safu ya jina, safu ya asili, kisha miezi kumi na miwili yenye alama za waliolipa. Gari la maiti, mahema, viti, unga wa bukari wa kuwalisha waombolezaji, vyote hulipwa na safu za miezi. Safu ya asili haijawahi kuleta hata faranga moja.

Iko pia hoja ya hesabu isiyosemwa vya kutosha. Mfuko husimama ikiwa wanachama hawapatwi na shida siku moja. Kwetu watu wa asili moja mara nyingi huitana kazini: kaka humwingiza mdogo wake, mjomba humwita mpwa. Gécamines, shirika la madini la serikali, ilipowaachisha kazi zaidi ya watu 10,000 mwaka 2003 na 2004, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, mfuko uliotegemea mishahara ya shirika hilo ulikosa wachangaji wakati uleule wahitaji walipoongezeka. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na anayekula kwa kobalti akaguswa pamoja na ndugu zake wote wanaokula humo. Mfuko wenye mwalimu, fundi cherehani, dereva, muuza samaki na mchimbaji hauanguki kwa pigo moja.

Wapo wanaojibu kwamba uaminifu hutoka kwa damu: mtu wa kwenu hakimbii na hela kwa sababu anajulikana kijijini. Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Lakini wamama wa soko huendesha likelemba na jirani wa meza bila kumuuliza kabila, kwa kuwa asiyelipa ataonekana kesho asubuhi. Kinacholinda hela ni kujulikana, na mjini mtu hujulikana mtaani kwake. Wengine husema wenyeji wa Lualaba, Walunda, Wasanga na wenzao, wanazidiwa na wageni wanaofuata shaba, basi waachiwe chombo chao. Hofu yao ina msingi. Ila mgao wa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya jamii umo katika Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018, na haki ya wenyeji idaiwe huko, mbele ya macho ya wote. Mfuko wa kilio hauna nguvu ya kuipata. Na wanaotaja kifungu cha 37 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa kuunda vyama, wasome pia cha 13, kinachokataza kumbagua Mkongo kwa kabila lake katika jambo lolote.

Kwa heshima ya walioniita, napendekeza haya, mengine nikiyarudia kwa makusudi. Kila mutualite itenge baraza la utamaduni, ambako lugha, ngoma na mila za mazishi zaweza kubaki na wenyewe, na mfuko wa kilio, ambao mlango wake uwe mchango na mdhamini wa mtaani. Safu ya asili ifutwe katika daftari la mfuko. Mtoto wa makabila mawili asiulizwe ukoo. Wanachama wa kazi mbalimbali watafutwe, hata nje ya kabila. Kadi ya mutualite isipelekwe kwenye ofisi za kampuni kama cheti cha asili, na kampuni zisiipokee. Masharti ya kila chama yasomwe hadharani kwa Kiswahili mara moja kwa mwaka. Mjane abaki mwanachama kwa jina lake, na malipo yaliyofanywa na mumewe yahesabiwe kuwa yake. Chama ambacho hakiko tayari kwa yote kianze na huyu mjane, kabla ya mkutano mkuu ujao. Mengine yaweza kungoja majadiliano, ila yeye amekwisha kulipa.