Mzigo wa Muhula Upimwe kwa Saa
(Mazungumzo na wanafunzi na wazazi wao)



Ndugu wapendwa, leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo mwanzoni mwa muhula huonekana dogo, lakini mwishoni huwatoa watu machozi. Nalo ni wingi wa masomo anayojiandikisha mwanafunzi wa fizikia katika chuo kikuu.

Tumewaona vijana wetu wenye akili njema wakiongeza masomo mawili juu ya yale yaliyopangwa, ili wamalize mapema au wawafurahishe wazee wao. Mwezi wa kwanza huonekana mashujaa. Ufikapo mwezi wa tatu, ripoti za maabara zimewarundikia na usingizi umewakimbia. Mwishowe wenzao huenda likizo, wao hubaki wakijiandaa kwa mitihani ya marudio. Je, walikosa akili? Hasha! Walikosa hesabu.

Basi na tuhesabu. Katika utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa. Mwaka mmoja una krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Hizo ni saa 600. Tukizigawa kwa wiki 15, twapata saa 40 kila wiki. Hiyo peke yake ni kazi ya mtu mzima. Akiongeza masomo mawili ya krediti 12 kila moja, amejitwika saa 16 zaidi, na jumla ni saa 56 kwa wiki. Je, atazitoa wapi? Atazitoa katika usingizi, katika chakula, na pengine hata katika Sala zake.

Tena fizikia ina tabia zake. Zamu moja ya maabara haiishi mlango unapofungwa. Hufuatwa na kuchora grafu, kukadiria makosa ya vipimo na kuandika ripoti. Kwa hiyo ni busara kutorundika masomo mengi ya maabara katika muhula mmoja ikiwa hiari ipo. Vilevile masomo haya yameshikana kama mnyororo. Asiyeimudu kalkulasi ya vekta atataabika katika usumakuumeme, na asiyezijua hesabu za matriksi atapotea katika fizikia ya kwanta. Hisabati itangulie, na kila muhula masomo mazito yachanganywe na mepesi.

Wanahistoria husimulia kwamba Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki karibu na mwaka 1040, aliahidi kuyadhibiti maji ya mto Nile. Alipopanda mto na kujionea hali ilivyo, alitambua kwamba kazi hiyo imezidi uwezo wake, akaiacha. Heshima yake haikupungua. Kitabu chake juu ya nuru na kuona, Kitab al-Manazir, kilisomwa hata Ulaya kwa karne nyingi.

Enyi vijana, kabla ya kujiandikisha chukueni karatasi, mwandike saa zote 168 za wiki. Toeni kwanza usingizi, Sala, chakula na safari, kisha muone kilichobaki. Mkiona mmezidiwa, mwendeeni mshauri wenu wa masomo mapema, kabla muda wa kubadilisha masomo haujapita. Kupunguza somo katika wiki ya pili si aibu. Ni afadhali kuliko kulibeba hadi mwaka ujao.

Nasi wazazi, tuache kuuliza, "Utamaliza lini?" Tuulize, "Unalala saa ngapi? Umeelewa nini wiki hii?" Huenda swali letu la kwanza ndilo lililomtwika mtoto mzigo uliomwangusha.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa na subira ya kuitafuta kwa kipimo. Amin.